Zamu ya daku

Karatasi imechanwa katikati ya daftari la hesabu, ikapigwa mistari kwa rula na kubandikwa kwa uji mzito kwenye mlango wa jiko. Kuni, maji, moto, kuosha sufuria. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, imeongezwa safu nyingine: daku. Nilikuwa nimeshuka Mnazi, bondeni chini ya milima ya Usambara, kufuatilia habari za tembo wanaotoka hifadhi ya Mkomazi na kuvamia mashamba ya watu, nikapita kwenye bweni hili la wasichana wa sekondari kuomba maji ya kunywa. Tembo wakasubiri. Kwenye safu ya daku walikuwamo akina Neema, akina Upendo, akina Maria. Zuhura hayumo, Mwanaidi hayumo. Palikuwa na Rehema mmoja, nikabaki najiuliza ni wa upande gani, mpaka matroni akaniambia huku anacheka kwamba hapo wako akina Rehema wawili, na kila upande una wake.

Matroni ni mama wa makamo, Mwislamu aliyesomeshwa na masista huko juu milimani. Ameniomba jina lake nisilitaje. Maelezo yake ni ya mtu wa jikoni. Anayefunga, anasema, ana siku ndefu mbele yake, na Mnazi si Lushoto mjini. Kule juu mtu hushinda na sweta. Huku bondeni jua la saa saba linawafanya hata mbuzi wagombanie kivuli. Basi alale mpaka aitwe. Saa tisa usiku Wakristo wa zamu huamka, wakapuliza moto, wakapasha wali, wakachemsha chai, halafu mmoja wao akapita kitanda kwa kitanda akigonga vyuma kwa kijiko. Wakishawapakulia wenzao wanatakiwa warudi kulala. Matroni anajua fika kwamba hawarudi. Wanakaa, wanakula, na kesho yake wanasinzia darasani pamoja na waliofunga.

Jumapili zamu inageuka. Waislamu huchota maji na kuwasha pasi ya mkaa, wenzao waende ibadani wamenyooka.

Machi 2025 utaratibu huo ulivurugika. Ramadhani na Kwaresima viliangukia mwezi mmoja, na baadhi ya Wakatoliki nao wakawa wamefunga kwa utaratibu wao. Nani amwamshe nani? Walibishana jioni nzima, matroni akiwasikiliza kupitia dirishani bila kuingia. Mwisho wakaamua kwa vitanda: wa juu leo, wa chini kesho, dini iwekwe pembeni. Anaisimulia habari hii kwa fahari asiyojaribu kuificha, nami sikuona sababu ya kumtaka aifiche.

Kuku wa sikukuu huchinjwa na mzee jirani, Mwislamu, ili sufuria iwe moja. Kwa matroni hilo halina mjadala. Mimi nilikumbuka Buseresere, Geita, mwaka 2013, ambako ugomvi wa nani achinje uliishia kwa mtu kuuawa.

Wenyeji wa Usambara hawahitaji kuelezwa kwamba babu anaweza kuwa shehe na shangazi akawa anaimba kwaya. Uislamu ulipanda kutoka pwani na misafara ya biashara. Walutheri wa Betheli wakafungua misheni Mlalo mwaka 1891. Shule zilikuja kwa mkono wa kanisa, na wazazi wengi Waislamu waliogopa kupeleka mtoto akarudi na jina jingine. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizitaifisha shule nyingi za misheni, lakini hofu haitaifishwi. Baba yake matroni alimruhusu kwenda kwa masista kwa sharti moja: kila likizo amsomee Juzuu Amma mbele ya wajomba.

Shuleni, kipindi cha dini kikifika, darasa hugawanyika kama kwingine kote nchini, hawa Wakristo wa UKWATA, wale Waislamu wa TAMSYA. Matroni haingilii. Kanuni yake ni moja tu: bwenini kila binti wa Kidato cha Tatu ana mdogo wake wa madarasa ya chini, na mdogo huyo lazima awe wa dini nyingine. Dada humfundisha hesabu, humwonyesha namna ya kuvaa pedi, humwambia amjibu nini kijana wa bodaboda anayetoa lifti za bure.

Mwaka huu dada mmoja, Mkristo, aligundua jambo. Mdogo wake wa Kidato cha Pili aliacha nusu ya karatasi ya hesabu nyeupe kwenye mtihani wa majaribio, wakati maswali kama hayo aliyamaliza jana yake usiku. Alipobanwa, akalia. Baba alimwagiza afeli. Posa ilishapokelewa, na tangu 2016 anayemwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Akifeli akaacha kuwa mwanafunzi, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilishampa mzazi nafasi ya kumwoza wa miaka 15. Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vinavyoruhusu hilo vinakiuka Katiba, katika kesi ya Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019, ila hukumu haifiki ukweni kwa haraka hivyo.

Matroni alikwenda nyumbani kwa binti na shehe wa msikiti wao, pamoja na mwinjilisti. Shehe alizungumza. Mwinjilisti alikunywa chai tu; matroni alikuwa amemwagiza aonekane na anyamaze. Nikamuuliza kama yule baba alisikiliza neno la shehe au aliona haya mbele ya mgeni wa dini nyingine. Hajui. Nikamuuliza kama urafiki huu unadumu baada ya Kidato cha Nne. Wapo wanaopigiana simu kila wiki, anasema, na yupo aliyeacha kupokea kwa sababu mumewe hataki. Na angefanyaje kama mwinjilisti angetumia nafasi ile kuhubiri? Hapo alinitazama muda mrefu, akaenda kukoroga maharage.

Baba amesema atatoa jibu mpunga ukishavunwa. Mtihani wa taifa hautasubiri mpunga. Nilimuuliza matroni kama binti atafaulu. Akasema hesabu anaziweza zote. Sasa kama ataziandika, hilo ni yeye na baba yake.