Wasia: Ng'ombe wa Marehemu Wagawiwe kwa Sheria Ipi?

Kwa Muislamu wa Sola, mkoani Simiyu, mali ni ng'ombe na shamba la pamba. Akifariki bila wasia, igawiwe kwa Qur'ani au kwa mila ya Kisukuma? Mahakama hutazama maisha aliyoishi marehemu na nia aliyoidhihirisha. Jina la Kiislamu peke yake halitoshi.

Mila iliyoandikwa katika Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963 humnyima mjane fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Wajane wawili walioguswa na mila hiyo ya Kisukuma walifika Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kuwa ina ubaguzi, lakini haikuifuta.

Katika Suratun Nisaa, mjane ana thumuni mume akiacha mtoto, robo asipoacha. Binti naye ana fungu lake. Mafungu haya hayangoji wasia. Wasia ni wa kumjulisha hakimu.

Basi tuandike, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, kwamba mirathi yetu igawiwe Kiislamu. Tutaje madeni, na mahari ambayo mke hajalipwa (deni tunalolisahau kwa wepesi wa ajabu!). Tutaje pia ng'ombe tuliowaweka kwa majirani, na wale wa watu walio zizini mwetu. Tunachomuusia asiye mrithi kisizidi thuluthi. Wasia huhifadhiwa pia RITA, na mke aelezwe ulipo.