Pima Kabla ya Kujenga Banda

Ndugu msomaji, wengi wetu husema: "Kiwanja ni changu. Nitajenga banda ninapotaka." Mimi ni Bwana Shamba, lakini nami nilisahau kwamba kila kiwanja kina jirani. Nilijifunza kwa kosa langu.

Mzee mmoja aliniita nimwonyeshe namna ya kujenga banda la mbuzi. Tulipima urefu na upana. Tuliinua sakafu juu ya nguzo, ili kinyesi kianguke chini na mbuzi walale pakavu. Banda lilikuwa zuri. Lakini hatukupima umbali. Nyuma ya banda, hatua nne tu, palikuwa na jiko la jirani. Chini kidogo, kwenye mteremko, palikuwa na kisima cha nyumba saba.

Masika yalipofika, maji ya mvua yalipita kwenye samadi yakateremka mpaka kisimani. Nzi walijaa jikoni kwa jirani. Mama wa nyumba ile akaenda kwa mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbuzi wako siwachukii. Lakini watoto wangu wanaharisha."

Mzee akajibu: "Bwana Shamba mwenyewe alikuwapo tulipojenga."

Nilipopata habari hizo niliona aibu. Banda lilibomolewa, likajengwa upya mahali pengine. Mzee alipoteza misumari na siku sita za kazi. Mimi nilikwenda kumsaidia kuchimba mashimo ya nguzo.

ZAMANI NA SASA

Zamani nyumba zetu nyingi zilikuwa mbali mbali. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wengi wa Tanzania walihamia katika vijiji. Nyumba zikakaribiana. Baadaye watoto wetu wakakua, wakaoa, wakajenga. Viwanja vikagawanywa. Lakini wengine bado tunafuga kama tunaishi peke yetu.

MAMBO YA KUANGALIA

Kama huna futi kamba, tumia miguu yako. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni kama mita moja.

1. Maji. Choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Banda na lundo la samadi navyo vikae mbali hivyo. Visiwe upande wa juu wa kisima.

2. Upepo. Tazama upepo unatoka wapi. Usijenge mahali ambapo upepo utaleta harufu nyumbani kwako au kwa jirani.

3. Nguruwe. Afungiwe bandani siku zote. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha watu na kupata tegu. Mtu akila nyama yake isiyoiva vizuri, naye hupata tegu.

4. Mbwa. Mbwa ni mlinzi wa usiku. Mchana akae ndani ya ua. Achanjwe kila mwaka ili kuzuia kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje dalili. Dalili zikianza kwa mtu, ni vigumu sana kupona.

SHERIA HUTUNGWA NA WANAKIJIJI

Baada ya ugomvi ule, Mwenyekiti alisema jambo hili liletwe mkutanoni. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaruhusu kijiji kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya Kijiji huandika mapendekezo. Mkutano Mkuu wa Kijiji huyajadili, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anaweza kusema. Halafu mapendekezo hupelekwa Halmashauri ya Wilaya. Yakikubaliwa huko ndipo yanakuwa sheria.

Siku ya mkutano nilisimama nikasema: "Kila banda liwe hatua 30 kutoka nyumba ya jirani." Watu wengi walipiga makofi.

Mama mmoja mjane akanyosha mkono. Akasema: "Kiwanja changu chote ni hatua 20. Mkipitisha hayo, mmeninyang'anya mbuzi wangu. Na mbuzi hao ndio ada ya shule."

Watu wakanyamaza. Mimi pia nilinyamaza.

Tulizungumza mpaka jua lilipoanza kushuka. Mwisho tulikubaliana hivi. Umbali wa kisima usipunguzwe kwa mtu yeyote, tajiri au maskini. Umbali wa nyumba unaweza kupungua, jirani akikubali mbele ya Mwenyekiti wa Kitongoji. Lakini mwenye banda afagie kila siku na kuweka samadi kwenye shimo lenye kifuniko. Wenye viwanja vidogo wanaweza kujenga banda moja la pamoja pembeni mwa kijiji.

Mpango huo ulikuwa bora kuliko wangu. Mimi nilijua mbuzi. Mjane yule alijua kiwanja chake.

Ndugu msomaji, kabla hujakata mti wa kwanza wa banda lako, mwite jirani mpime pamoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Ni hatua ngapi kutoka banda lako mpaka kisimani?
2. Je, kijiji chenu kina sheria ndogo ya mifugo? Nani aliitunga?
3. Mwenye kiwanja kidogo asaidiwe namna gani?