MWILI WAKO UNA SAA YAKE
Mashauri kwa wanaokesha ziwani na kwa jamaa zao

Ukisimama ufukoni Usenge, Rusinga au Mfangano usiku usio na mbalamwezi, utaona taa nyingi juu ya maji, hata ziwa hufanana na mji. Hao ni wavuvi wa omena, samaki wadogo ambao wenzetu wa Tanzania huwaita dagaa. Zamani walitumia karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za nguvu za jua. Lakini kazi ni ile ile, nayo ni kukesha.

Kwa nini usiku? Kwa sababu mchana omena hukaa chini penye giza, na jioni hupanda juu kutafuta chakula. Hapo taa huwavuta wakakusanyika. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Basi omena wana saa yao, na mvuvi huifuata. Je, mwili wa mvuvi nao huifuata?

SAA ILIYO NDANI

Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka mmea wa jamii ya kifauongo mahali penye giza. Majani yake yaliendelea kufunguka na kufunga kwa nyakati zake ingawa jua halikuuona. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyokwenda ndani ya mwili wa inzi mdogo wa matunda.

Wewe pia unayo. Saa yako kuu imo ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, na mwanga wa mchana ndio unaoirekebisha kila siku. Giza likiingia, ubongo hutoa kitu kiitwacho melatonini, na mwili hujitayarisha kulala. Joto la mwili hushuka, na kwa watu wengi hufika chini kabisa karibu saa 10 au saa 11 alfajiri.

Sasa fikiri: saa 10 usiku mvuvi anavuta wavu akiwa ukingoni mwa mashua. Ni wakati ule ule mwili wake unapodai usingizi kuliko saa nyingine zote.

AKILI HUDANGANYIKA

Mwaka 1962 Mfaransa mwingine, Michel Siffre, alikaa pangoni kwa muda wa miezi miwili hivi bila saa wala jua. Alipoambiwa muda umekwisha, hesabu yake ilikuwa imepungua siku 25. Lakini mwili wake ulikuwa umelala na kuamka kwa mzunguko wa saa 24 na nusu hivi. Akili ilipotea, mwili haukupotea sana.

Hapa pana funzo. Mtu asiyelala vya kutosha hudhani yuko macho sawasawa, kumbe amepungua. Aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 au zaidi hufanya makosa kama mtu aliyekunywa pombe. Kwa hiyo usimwulize mchovu kama amechoka. Hesabu saa alizokaa macho.

USIMWITE MVIVU

Wako watu wanaomwona mvuvi amelala saa 4 asubuhi wakasema, "Huyu ni mvivu, shamba lake lina magugu." Hayo si maneno ya haki. Tena usingizi wake wa mchana ni mfupi na mwepesi, kwa kuwa saa ya mwili inasema ni wakati wa kuamka, jua ni kali na watoto wanapiga kelele. Vivyo hivyo akina mama wanaongoja mashua kabla ya mapambazuko ili wanunue omena na kuwaanika, kisha wakarudi kupika na kulima. Nao wana deni la usingizi.

FANYA HIVI

1. Ukirudi ziwani, lala kwanza, ndipo ushike panga au pikipiki.

2. Chumba kiwe na giza. Funika dirisha kwa kitambaa kizito, na watoto wachezee mbali.

3. Lala kidogo alasiri kabla ya kwenda ziwani. Hata nusu saa husaidia.

4. Chai ya rangi au kahawa inywe mwanzoni mwa kazi. Ukiinywa karibu na kurudi, itakunyima usingizi nyumbani.

5. Katika mashua pokezaneni kazi, hasa kuanzia saa 9 usiku, na kila mtu avae jaketi la kuokolea. Anayesinzia na kuanguka majini usiku haonekani upesi.

6. Mbu wa malaria naye ana saa yake. Huuma hasa usiku wa manane mpaka alfajiri, na chandarua kilichoko nyumbani hakimkingi aliyeko ufukoni. Vaa mikono mirefu, jipake dawa ya kufukuza mbu, na ukipata homa nenda ukapimwe siku hiyo hiyo.

Wazee wetu walianza kuhesabu saa za mchana tangu mapambazuko, na mwili pia hupenda kuhesabu hivyo. Kazi ya usiku haikwepeki kwa anayelisha watoto kwa omena. Ila anayemnyang'anya mwili usingizi wake hana budi kuulipa mchana, na jamaa wa nyumbani wamsaidie kulipa.