Mtoto anachechemea bila kuumia? Huenda tatizo liko kwenye nyonga

Mtoto anarudi kutoka shuleni akichechemea. Hakuanguka, hana kidonda, na ukimuuliza anaumwa wapi anakuonyesha goti. Wazazi wengi humkanda kwa maji ya moto na kungoja. Lakini goti linaweza kuuma wakati ugonjwa uko kwenye nyonga. Akiendelea kuchechemea zaidi ya wiki moja, mpeleke akapimwe.

Ugonjwa wa Perthes ni nini?

Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya nyonga. Kwa mtoto mwenye Perthes, damu inayolisha kichwa hicho hupungua. Mfupa hufa, hudhoofika na unaweza kubonyea. Baadaye damu hurudi na mfupa hujijenga upya, lakini huchukua miaka 2 hadi 4. Ukijijenga vibaya, anaweza kubaki na mguu mfupi na maumivu ukubwani.

Huwapata hasa watoto wa miaka 4 hadi 8, wavulana zaidi. Chanzo chake hakijulikani. Hauambukizi, si uchawi, na si kosa la mzazi.

Vipi kuhusu seli mundu?

Perthes ni nadra kwa watoto wa Kiafrika. Seli mundu inaweza kuleta madhara kama hayo, kwa kuziba mishipa midogo ya damu. Kwa hiyo omba mtoto apimwe seli mundu pia.

Dalili za kuangalia

- Kuchechemea kunakoongezeka akicheza na kupungua akipumzika
- Maumivu ya kinena, paja au goti
- Kushindwa kutanua au kuzungusha mguu
- Paja moja kuwa jembamba kuliko jingine

Nenda siku hiyo hiyo ikiwa ana homa au hawezi kabisa kukanyaga. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, nao huharibu nyonga kwa siku chache.

Niende wapi?

Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu, au mwone mhudumu wa afya wa kijiji (VHT). Ikihitajika, utapewa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara. Beba barua hiyo, kitambulisho cha familia na daftari la matibabu. Mwanzoni picha ya eksirei inaweza isionyeshe kitu. Akizidi kuchechemea, rudi.

Matibabu

Watoto wadogo wengi hupona kwa kupumzisha mguu, dawa za maumivu na mazoezi. Wakubwa kidogo huenda wakahitaji plasta au upasuaji. Asikimbie, asiruke wala asibebe dumu la maji mpaka daktari aruhusu. Mweleze mwalimu wake. Usikubali mguu uvutwe wala uchanjwe.

Ukikwama na rufaa, piga simu bila malipo: 0800 323232.