Globu zinawaka, mayai hayaanguliwi: lijue joto la mashine yako ya kutotolesha

Baridi ikishaanza huku nyanda za juu, kuanzia mwezi wa sita hivi, simu ninazopigiwa na wenye mashine za kutotolesha zinafanana sana. "Bwana mifugo, mashine inawaka vizuri, globu zote zinawaka, lakini mayai yameoza." Wengi wanamlaumu jogoo. Wengine wanasema wameuziwa mayai ya dukani. Inawezekana, ila kabla hujamchinja jogoo wa watu, hebu tuangalie joto kwanza.

Yai la kuku linahitaji siku 21 na joto la karibu nyuzi 37.5 kwenye mashine yenye feni. Kwenye mashine isiyo na feni tunapima pale juu ya mayai na tunalenga 38.5 hivi, kwa sababu sehemu ya chini ya yai itakuwa na joto pungufu. Ukizidisha, kifaranga anafia ndani, na joto la kuzidi linaua haraka kuliko la kupungua. Ukipunguza, yai linakua nusunusu, linachelewa, halafu linakufa. Kazi yote ya mashine ni kulinda namba hiyo moja.

Sasa joto linasafiri kwa njia tatu, na zote zimo ndani ya boksi lako.

Ya kwanza ni kugusana. Shika kijiko cha bati kilichoachwa kwenye uji wa moto, utaelewa. Chuma kinapitisha joto haraka, mbao polepole, na hewa iliyotulia polepole zaidi. Ndiyo maana blanketi linakutia joto ingawa lenyewe halina moto: limeishika hewa isitembee.

Ya pili ni hewa kuzunguka. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Ya baridi inashuka. Kwenye mashine ya trei tatu bila feni, trei ya juu inaweza kuiva huku ya chini ikitetemeka. Feni ndogo kama ile ya kompyuta inamaliza kesi hiyo, na siyo lazima ipulize kwa nguvu. Inatakiwa kuchanganya hewa tu, isiyakaushe mayai.

Ya tatu ni mionzi. Hii haihitaji kugusa wala hewa, ni kama jua linavyokupiga usoni asubuhi ya baridi. Globu inafanya hivyo hivyo. Yai lililo mbele ya globu linapokea mionzi moja kwa moja na upande mmoja unapata moto kuliko kipimajoto kinavyosema. Weka kipande cha bati kati ya globu na mayai. Na hili watu wengi hawalijui: sensa ya themostati nayo ikiiona globu inadanganyika. Inadhani boksi limeshafika 37.5, inakata umeme, kumbe mayai yapo 35. Sensa ikae usawa wa mayai, kivulini, isiguse ukuta.

Tuje kwenye globu zenyewe. Globu ya zamani yenye kawaya ndani ni hita kuliko ilivyo taa. Umeme ukipita kwenye kawaya kale kembamba unapata upinzani, kawaya kanapata moto mpaka kanang'aa. Ndani ya boksi lililofungwa, hata ule mwanga wenyewe ukigonga ukuta unageuka joto, kwa hiyo globu ya wati 60 ni hita ya wati 60, hakuna kinachopotea. LED ya wati 9 nayo inatoa joto la wati 9, basi. Ukiambiwa "hii LED inawaka kama ile ya 60", ni kweli kwa mwanga, lakini yai haliangui kwa mwanga. Siku hizi globu za zamani zinapatikana kwa shida, na fundi akikosa anafunga LED bila kukuambia. Soma wati kwenye globu yenyewe.

Kuna mama mmoja katika eneo ninalohudumia alichukua mkopo wa kikoba akanunua mashine iliyotengenezewa Dar es Salaam. Boksi la plaiwudi, globu mbili za wati 60, themostati, feni. Ilijaribiwa kule mbele ya macho yake, ikafika 37.5 na kukata vizuri. Alipoifikisha huku juu, mayai 60 yakaharibika, na mkopo unadai. Alikuwa ameshaanza kusema ameibiwa. Fundi hakumwibia, ila hakumfanyia hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Joto linatoka ndani ya boksi kwenda nje kulingana na tofauti ya joto la ndani na la nje. Tofauti ikiongezeka mara tatu, joto linalopotea linaongezeka mara tatu. Boksi la plaiwudi ya milimita 12, lenye sentimita 60 kila upande, linapoteza takriban wati 8 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Dar chumba kina nyuzi 30. Tofauti na 37.5 ni 7.5, zidisha kwa 8, unapata wati 60. Globu zina wati 120, kwa hiyo zinawaka karibu nusu ya muda na kupumzika nusu. Safi kabisa.

Huku kwetu chumba usiku kinashuka hadi 12. Tofauti ni 25.5, zidisha kwa 8, ni wati zaidi ya 200. Globu zako ni wati 120. Zitawaka usiku kucha bila kuzima hata dakika moja, na boksi litagota kwenye nyuzi 27 hivi. Themostati haina kosa lolote. Themostati haitengenezi joto, ni swichi inayojiwasha na kujizima tu, kama ile iliyomo ndani ya pasi ya umeme. Ukiona globu haizimi kabisa usiku mzima, ujue joto linalotoka limezidi linaloingia.

Watu wengi hapo wanakimbilia kuongeza globu. Mimi nakushauri uvishe boksi koti kwanza. Lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni na friji, likiwa na unene wa sentimita 5 na kuzunguka pande zote sita pamoja na mlango, linashusha upotevu kutoka wati 8 hadi chini ya 2 kwa kila nyuzi. Kwa usiku ule ule wa nyuzi 12, hitaji linashuka kutoka 200 hadi kama 50. Kwenye LUKU ni hivi: wati 200 kwa saa 24 ni uniti 4.8, kwa siku 21 ni uniti 100. Wati 50 ni uniti 1.2 kwa siku, yaani 25 kwa siku 21. Zidisha mwenyewe na bei unayonunulia.

Povu likikosekana, tengeneza boksi la kuta mbili na ujaze maranda makavu katikati. Haliwi zuri sawa na povu lakini linasaidia sana. Angalizo: povu likae nje ya boksi, mbali na globu, maana linayeyuka na kushika moto. Na matundu ya hewa usiyazibe kwa tamaa ya joto. Kifaranga ndani ya yai anapumua, na siku za mwisho anahitaji hewa zaidi.

Yule mama tulimfungia povu, globu zikabaki mbili zile zile. Sasa zinawaka na kuzima hata usiku.

Upande wa umeme niseme machache, ila ni ya kufa na kupona kwa sababu ndani ya boksi kuna maji na mbao kavu. Globu zifungwe kila moja na njia yake kutoka kwenye waya mkuu, zisipange foleni umeme upite ya kwanza ndipo ufike ya pili. Zikiwa kwenye foleni, moja ikiungua zote zinazima, na wewe umelala. Zikiwa na njia zake, moja ikifa nyingine inaendelea kulinda mayai hadi asubuhi.

Wati 120 kwenye umeme wa volti 230 zinavuta nusu ampea tu. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani, mara nyingi ya ampea 13. Hiyo ni kubwa mno kwa mashine hii: waya mwembamba unaweza kuungua wakati fyuzi inatazama tu. Weka ya ampea 3. Boksi au trei zikiwa za bati, waya wa erthi ufungwe kwenye bati. Viungo vya waya visiwe vya kukunja kwa mkono na kuzungusha selotepu. Kiungo kilicholegea kinaleta upinzani, na palipo na upinzani panachemka, kama kawaya ka globu, ila hapa si mahali ulipotaka joto. Ukigusa plagi au swichi ukakuta ya moto, zima, ita fundi umeme.

Umeme ukikatika usifungue mlango kuchungulia. Yai limejaa maji, na maji yanashika joto muda mrefu, kwa hiyo mayai mengi pamoja ndani ya boksi lenye koti yanapoa polepole. Ziba matundu nusu, funika boksi na blanketi, na umeme ukichelewa kurudi ingiza chupa za maji ya moto chini, zisiguse mayai. Saa mbili tatu za kupoa kidogo hazitakuharibia kazi. Ila usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, hewa yake inaua vifaranga na watu.

Baada ya wiki ya pili vifaranga wanaanza kutoa joto lao wenyewe. Utaona globu zinawaka muda mfupi zaidi. Usiguse themostati, hiyo ni dalili nzuri. Maji ya unyevu nayo ongeza ya vuguvugu, kwa sababu ya baridi yanakula joto la boksi kabla hayajaanza kuwa mvuke.

Kabla ya kuweka hata yai moja, washa mashine tupu kwa siku mbili kamili, usiku ukiwemo. Weka ndani kipimajoto cha hospitali, kile cha homa, kwa sababu kinapima vizuri hapo hapo kwenye 37, ulinganishe na namba ya themostati. Kikisema 37.5 na themostati inasema 38.2, basi themostati yako inazidisha 0.7, ipange kwenye 38.2. Ukitumia cha zebaki kikung'ute kila unaporudia, maana hakishuki chenyewe. Andika namba saa kumi jioni, saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri. Ile ya alfajiri ikishikilia pale pale kwa usiku mbili mfululizo, mayai yaingie.