Homa ya Maziwa Humshika Paka Pia

Mfugaji wa Molo, Njoro au Bahati, huku Nakuru, hahitaji kufundishwa homa ya maziwa. Ng'ombe wa gredi amezaa jana, leo hainuki. Shingo imepinda kuelekea ubavuni, masikio yamekuwa baridi. Daktari anapigiwa simu usiku huohuo, anaingiza kalsiamu kwenye mshipa polepole, na mara nyingi ng'ombe husimama kabla hata daktari hajafunga mkoba wake. Lakini ugonjwa huohuo ukimshika paka wa boma hilohilo, wiki tatu baada ya kuzaa, utasikia amekula sumu, au ana kichaa, na kuna wanaoyamaliza mambo kwa rungu. Jambo hili huniuma, maana paka huyo angeweza kupona siku hiyohiyo.

Kwa paka ugonjwa huu hauonekani mara nyingi kama kwa mbwa wadogo, lakini upo, na kwa kawaida huja kati ya wiki ya pili na ya nne baada ya kuzaa, watoto wanaponyonya kwa nguvu zaidi. Dalili za mwanzo hupita bila kutambuliwa. Mama hatulii. Anawaacha watoto na kuzungukazunguka, anahema mdomo wazi, jambo ambalo paka mzima halifanyi ovyo. Kisha miguu inakakamaa, uso na masikio vinachezacheza, mwili mzima unatetemeka, na mwisho anaanguka kwa degedege. Tangu kutotulia hadi kuanguka huweza kuwa saa chache tu.

Mtu aliyezoea ng'ombe atauliza: mbona ng'ombe hulegea kama gunia tupu na paka hukakamaa, kama ugonjwa ni mmoja? Hapa ndipo penye ajabu yenyewe. Kalsiamu ina kazi mbili kwenye mishipa ya fahamu. Ya kwanza ni kule mwisho wa mshipa, unapokutana na msuli: bila kalsiamu, ujumbe wa kuuamuru msuli ujikaze hautolewi. Ya pili ni kwenye utando wa mshipa wenyewe, ambako kalsiamu huzuia vijitundu vya kupitishia sodiamu visifunguke ovyo. Kwa ng'ombe, kalsiamu ikishuka, kazi ya kwanza ndiyo hushindwa. Ujumbe haufiki, misuli inalegea, mwili unapoa. Kwa paka na mbwa ujumbe huendelea kupita. Kinachoharibika ni ile kazi ya pili. Vijitundu vinafunguka kwa kichocheo kidogo tu, mishipa inajituma yenyewe bila amri ya ubongo, na misuli inafanya kazi bila kupumzika mpaka joto la mwili linapanda kupita nyuzi 40. Ng'ombe hupoa, paka huchemka, na chanzo ni damu ile ile iliyoishiwa kalsiamu.

Kalsiamu hiyo imekwenda wapi? Kwenye maziwa. Karibu kalsiamu yote ya mwili, asilimia 99, imefungiwa ndani ya mifupa na meno, na mwili huhitaji muda kuifungua. Watoto watano wakinyonya usiku na mchana huvuta kuliko mifupa inavyoweza kutoa.

Ndiyo sababu tiba ya zamani kabisa ya ng'ombe ina somo kwa mwenye paka. Mwaka 1897 daktari wa mifugo wa mji wa Kolding, Denmark, Jürgen Schmidt, alianza kujaza viwele vya ng'ombe wagonjwa maji yenye dawa ya aidini, na ng'ombe waliokuwa wakifa wakaanza kupona. Baadaye wenzake wakaona hata hewa tupu inatosha. Aidini haikuwa na kazi yoyote. Shinikizo ndani ya kiwele lilizuia maziwa yasiendelee kutoka, na kalsiamu ikabaki kwenye damu. Dryerre na Greig wa Scotland hawakuja kuinyooshea kidole kalsiamu yenyewe hadi 1925. Kwa paka hatujazi hewa. Tunawaondoa watoto kwa saa 24. Hatua hiyo haigharimu senti, na ianze mara tu dalili zinapoonekana, huku safari ya kwa daktari ikiandaliwa.

Safari hiyo haikwepeki. Kalsiamu ya mshipani ikiingizwa haraka husimamisha moyo, kwa hiyo daktari huitia polepole huku akisikiliza mapigo. Ile chupa ya ng'ombe ya mililita 400 iliyobaki kwenye stoo isiguswe na yeyote asiye daktari. Hata chini ya ngozi huweza kuunguza nyama. Wala usimtilie kitu mdomoni paka anayetetemeka, kitaingia mapafuni. Mfunge kwa blanketi nzito, mtie kwenye katoni yenye matundu, peleka. Blanketi ni ya lazima pia kwa sababu kichaa cha mbwa kipo Kenya na paka hukipata, na kwa macho tu huwezi kuapa kwamba huyu ana kalsiamu pungufu na si kile kingine. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Watoto waliotengwa nao wana shida yao. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Molo iko juu zaidi, na usiku wa Julai mtoto wa paka asiye na mama hupoa haraka kwa sababu bado hajui kujitengenezea joto la kutosha. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa inatosha. Mtoto aliyepoa asinyweshwe kabla hajapata joto, tumbo lake limeacha kufanya kazi. Maziwa ya ng'ombe yana protini kama nusu ya maziwa ya paka. Kwa siku moja tu, maziwa yasiyotolewa krimu yakiongezwa kiini cha yai yatawashikilia. Mtoto anywe akiwa amelalia tumbo, kamwe asilale chali. Wadogo kabisa wapanguswe nyuma kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu baada ya kila mlo, kwani bila kulambwa na mama hawakojoi.

Lakini mengi ya haya huanzia kwenye sahani. Paka wetu wengi hulishwa ugali na maziwa, au mapafu na vipande kutoka buchari. Ugali haumfai mnyama aliyeumbwa kula nyama. Nyama isiyo na mfupa nayo ina fosforasi zaidi ya mara 10 ya kalsiamu, na maini yamezidi hapo, kwa hiyo mama anayekula mapafu tu ananyonyesha kwa mkopo wa mifupa yake. Chakula bora cha bei nafuu kwa paka mzazi wa Nakuru kiko sokoni kwenye gunia: omena. Huliwa mzima, na mifupa yake ndiyo kalsiamu. Ioshe mchanga, ichemshe bila chumvi wala kitunguu, mpe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, na maji safi karibu. Maziwa yanaposhika kasi paka huhitaji chakula mara mbili hata tatu ya kawaida yake. Unga wa kalsiamu ni wa kutolewa kwa ushauri wa daktari, na usimpe angali na mimba: kwa mbwa imeonekana kwamba kuzidisha kalsiamu wakati huo huufanya mwili usahau kuifungua mifupa, na homa huja kwa urahisi zaidi.

Yako magonjwa mengine. Kiwele kikiwa cha moto, kigumu, chenye rangi ya zambarau, wafugaji wanaujua ugonjwa wenyewe. Kitambaa cha maji moto husaidia, lakini antibayotiki achague daktari. Oksitetrasaiklini, ile inayonunuliwa agroveti kama peremende, hupita kwenye maziwa na kuishika kalsiamu ndani ya meno na mifupa inayokua ya watoto. Uchafu unaonuka ukitoka nyuma, ni kizazi, na ni dharura. Panadol ni sumu: ini la paka halina njia ya kuivunja, na kidonge kimoja huua. Dawa ya kupe ya ng'ombe usimpake kamwe. Viroboto waondoe kwa kitana na maji ya sabuni.

Nakuru haina uhaba wa elimu. Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kinafundisha madaktari wa mifugo, umbali wa matatu moja kutoka mjini. Uhaba uko kwenye fikira kwamba daktari wa mifugo ni wa ng'ombe. Mtu halali akilinda lita za maziwa, ila paka anayelinda magunia ya mahindi yaliyozaa maziwa hayo anaachwa afe nyuma ya stoo, kisha pesa zinakwenda kwenye sumu ya panya, ambayo nayo huua paka anayekula panya aliyeilamba.



Paka aliyewahi kupata homa hii huweza kuipata tena uzazi ujao, na paka hushika mimba hata kabla hajaachisha. Watoto wakifikisha wiki nane na maziwa yakikauka, mfungishe uzazi. Gharama ikiwa nzito, majirani watatu au wanne wenye paka wazungumze na daktari mmoja aje siku moja, awafanyie wote, na awachanje kichaa papo hapo.