Jaribu lisilosemwa

Mwaka 381, maaskofu walipokutana Konstantinopoli kwa mtaguso mkuu, shemasi mmoja aliyeitwa Evagrius alikuwa ameanza kupata jina katika mji huo. Alitoka Ponto, kaskazini mwa nchi tunayoiita leo Uturuki. Basili Mkuu ndiye aliyemweka kuwa msomaji wa kanisa, na Gregori wa Nazianzo akampa ushemasi. Alikuwa fundi wa kujibu hoja za wazushi, na watu walipenda kumsikiliza. Kisha penzi likaingia kati yake na mke wa mtu, tena mtu mkubwa serikalini.

Habari hizi tunazo kutoka kwa Palladius, mwanafunzi wake. Anasimulia kuwa Evagrius alijua anakoelekea na akamwomba Mungu amzuie. Usiku mmoja akaota yuko kifungoni, amefungwa minyororo, na mtu mwenye sura ya rafiki yake akamtaka aape kwa Injili kwamba ataondoka mjini. Akaapa. Alipoamka hakujitetea kwamba kiapo cha ndotoni si kiapo. Alipakia nguo zake melini, akasafiri hadi Yerusalemu.

Mahubiri mengi ninayoyasikia yangekomea hapo: amekimbia kama Yusufu alivyomkimbia mke wa Potifa, ameshinda, tusimame tuimbe. Kukimbia ni kwema, na Biblia inakuagiza. Lakini Palladius anaendelea. Kule Yerusalemu, Evagrius alipokewa na Melania, mjane tajiri wa Kirumi aliyekuwa ameacha mali na kujenga monasteri. Bahari ilikuwa imemtenga na yule mwanamke, ila moyo ulikuwa palepale. Akarudia kujipamba na kujivunia ufasaha wake. Ndipo akashikwa na homa iliyomlaza miezi sita, na madaktari wakashindwa kuitibu. Melania alipoona hivyo akamwambia waziwazi kwamba ugonjwa huo haumridhishi. Amweleze kilichomo moyoni mwake. Evagrius akasema yote. Melania akamtaka aahidi kuishi maisha ya utawa, akamwombea, na katika siku chache akapona. Karibu na mwaka 383 akaenda Misri, akakaa jangwani hadi alipofariki mwaka 399, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu.

Nimeanza na mtu huyu kwa sababu yeye, kuliko mwandishi mwingine yeyote wa Kanisa la kale, ndiye aliyeandika kwa makini jinsi jaribu linavyofanya kazi ndani ya mtu. Na ninaamini makanisa yetu ya leo yamekamata nusu tu ya fundisho lake. Tunafundishwa kukemea, kufunga, kukesha, kukimbia. Yote ni sawa. Tunachokosa ni Melania: mtu wa kuambiwa.

Evagrius aliorodhesha mawazo manane yanayomshambulia mwamini: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, kuchoka kwa roho, majisifu na kiburi. Yohane Kasiano, aliyewahi kuishi katika jangwa hilohilo, aliipeleka orodha hiyo nchi za magharibi, na mwishoni mwa karne ya 6 Papa Gregori Mkuu akaipanga upya. Humo ndimo ilimotoka orodha ya mizizi saba ya dhambi ambayo wengi wetu tulikaririshwa katika katekisimu. Lakini kwa Evagrius yalikuwa mawazo kabla hayajawa dhambi. Alishikilia kwamba si juu yetu kuamua kama wazo litakuja au halitakuja. Lililo juu yetu ni kulikaribisha likae au kulikatalia kiti.

Mstari huo ungewapa nafuu vijana wengi. Wako waliookoka wanaojiona wanafiki kwa kuwa tu wazo chafu limewapitia kichwani katikati ya maombi. Bwana Yesu mwenyewe alipewa mawazo matatu kule nyikani, na hakuna Mkristo anayethubutu kusema kwamba kuyasikia kulimtia doa. Tena Luka anaongeza kwamba Ibilisi alipomaliza alimwacha kwa muda tu. Kama adui alipanga kumrudia Mwana wa Mungu, kwa nini mwamini wa Mbagala au wa Kisumu aone ajabu kurudiwa na jambo aliloombewa mwezi uliopita?

Ukimsoma Evagrius unaona kuwa anawajua watu. Chukua wazo la kupenda fedha. Kwake halianzi na tamaa ya gari wala ghorofa. Linaanza na uzee. Linamwonyesha mtu miaka mingi iliyo mbele, mikono isiyoweza tena kufanya kazi, njaa zitakazokuja, magonjwa, na aibu ya kuishi kwa kuwategemea wengine. Sasa mweke mtumishi wa umma aliyebakiza miaka michache astaafu, anayeshika kalamu ya kusaini malipo, na kijana mwenye bahasha amesimama mlangoni. Anayemjaribu hamwambii aibe. Anamwambia afikirie familia yake. Huyu akienda kanisani akakuta semina juu ya tamaa ya mali, hatajitambua humo kabisa, kwa sababu moyoni mwake anachokiona ni uwajibikaji.

Kuchoka kwa roho ndiko alikokueleza kwa kina zaidi. Waliokaa jangwani walikuita pepo la adhuhuri, wakikumbuka Zaburi ya 91. Lilimwijia mtawa tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Jua likaonekana limesimama, siku ikawa ndefu kupita kiasi. Mtawa akawa anachungulia dirishani, akitoka kibandani kutazama kama saa ya chakula imefika, akichukia mahali alipo, kazi ya mikono yake na maisha yenyewe, akiwaza kwamba ndugu hawana upendo tena na kwamba mahali pengine pangemfaa zaidi. Sina haja ya kwenda mbali. Dirisha hilo leo liko mfukoni mwetu, tunalifungua kwa kidole gumba mchana kutwa na usiku chini ya shuka, na mengi yanayokuja baadaye, picha za uchi, mikeka ya kubeti, maneno matamu na mtu asiye mwenzi wako, huanzia kwenye uchovu huohuo usio na jina. Aliyekata tamaa na saa zake ndiye anayenaswa kirahisi.

Kuhusu majisifu, aliandika jambo ambalo kila anayeitwa nabii au mtume mjini kwetu angelisoma akiwa amepiga magoti. Wazo hili, alisema, humjia mtu aliyefanikiwa katika mambo ya roho. Humwonyesha mapepo yakipiga kelele, wanawake wakiponywa, umati ukigusa mavazi yake. Yaani jaribu linavaa sura ya huduma yenyewe.

Dawa alizoandika ni nyingi. Alitunga hata kitabu kizima cha majibu, karibu mistari 500 ya Maandiko iliyopangwa kulingana na mawazo yale manane, ili mtu awe na neno la kujibu kama Yesu alivyomjibu Ibilisi kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati. Mwaka 553 jina lake lilitiwa lawama pamoja na mafundisho ya mwanateolojia wa kale Origene, na baadhi ya vitabu vyake vikaendelea kusomwa kwa jina la mtu mwingine. Mafundisho yake juu ya majaribu, hata hivyo, hayakuweza kutupwa, kwa kuwa hayakuwa yake peke yake. Jangwa zima lilifundisha vilevile.

Antoni, ambaye maisha yake yaliandikwa na Atanasi wa Aleksandria, aliwashauri wenzake waandike matendo na mienendo ya mioyo yao kana kwamba watapeana taarifa. Alijua kuwa aibu ya kusomwa na ndugu ingewazuia. Naye Sara, mama wa jangwani, anakumbukwa kwa kupigana miaka 13 na tamaa ya mwili bila kuomba vita viishe. Aliomba nguvu tu.

Anayenigusa kuliko wote ni Musa wa Ethiopia, anayeitwa pia Musa Mweusi. Alikuwa mtumwa aliyefukuzwa na bwana wake kwa wizi, akawa kiongozi wa majambazi, mtu wa nguvu za kutisha. Palladius anasema kwamba baada ya kuwa mtawa alivamiwa na wezi wanne. Akawafunga wote, akawabeba mgongoni hadi kanisani kuwauliza ndugu wafanywe nini. Lakini mtu huyo aliyewamudu wanaume wanne alishindwa na mawazo ya uasherati. Akaenda kwa mzee wake, Isidori, akamwambia. Isidori hakushtuka, wala hakumtazama kwa jicho la pembeni. Alimweleza kuwa ndiyo kwanza ameanza, na mazoea ya zamani hayang'oki kwa siku moja.

Musa akafunga, akakesha miaka akiwa amesimama usiku kucha. Mawazo hayakuondoka. Akaanza kuzunguka usiku kwenye vibanda vya watawa wazee, akichukua mitungi yao na kuijaza maji, na kisima kilikuwa mbali. Mwishowe Isidori akamwambia aache kushindana na mapepo kwa jinsi hiyo, kwa maana hata ushujaa una kipimo chake. Ninapenda sana neno hilo la mzee. Musa alikuwa amegeuza vita vya kiroho kuwa shindano la misuli, kama alivyozoea ujambazini, na ni mtu mwingine tu aliyeweza kuliona. Baadaye alipewa upadre, na Kanisa linamkumbuka kama mtakatifu na shahidi. Bonde la Sketi, alikoishi, leo linaitwa Wadi El Natrun, na hadi sasa lina monasteri nne zenye watawa wanaosali.

Sasa, si kila mzee ni Isidori. Kasiano anasimulia habari ya kijana aliyemweleza mzee mmoja vishawishi vyake, na mzee akamjia juu, akamwambia hastahili hata kuitwa mtawa. Kijana akakata tamaa, akashika njia kurudi duniani. Mzee mwingine, Apolo, alimkuta njiani akiwa na huzuni, akamuuliza, akamwambia kwamba hata yeye, pamoja na mvi zake, anasumbuliwa na mawazo hayohayo, akamsihi arudi. Kisha Apolo akaomba vita vya kijana vihamie kwa yule mzee mkali, ili ajue alichokidharau. Muda si mrefu mzee akaonekana akitoka kibandani kama mwenye wazimu, akifuata njia ileile ya mjini.

Wazee wa kanisa, walezi wa vijana, viongozi wa jumuiya: habari hiyo ni yetu. Binti anayekuja kusema kwamba bosi wake anamtaka na yeye ameanza kulegea, ukimjibu kwa ukali, hatarudi tena. Ukiyatoa maneno yake kwenye kikao cha akina mama kama ombi la maombi, umemuua.

Nasi Afrika Mashariki si wageni wa jambo hili. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church kukutana Namirembe mwaka 1929 na kusoma Biblia pamoja, uliifanya toba ya wazi kuwa desturi. Walokole, kama walivyoitwa waliookoka katika uamsho huo, walikaa katika vikundi, mmoja akasema amejaribiwa wapi, na wenzake wakaimba wimbo wa Tukutendereza. Wakaiita hali hiyo kutembea nuruni. Watu walirudisha vitu walivyoiba. Mwafrika na mmisionari wakaombana msamaha. Palikuwa na kasoro pia. Toba ya hadharani iligeuka maonyesho kwa baadhi ya watu, na wengine walilazimishwa kusema yasiyopaswa kusemwa mbele ya kundi. Kwa hiyo sitetei kipaza sauti. Natetea mtu mmoja au wawili, wenye umri wa imani na mdomo uliofungwa. Mkatoliki ana kitubio na padre wake wa kiroho, na mara nyingi havitumii ila Pasaka na Noeli. Makanisa mengine yanazo jumuiya na vikundi vya nyumbani, ambavyo vimejaa michango na ratiba za harusi.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni mchungaji. Yeye anapokea siri za watu mia, na yake anampelekea nani? Akimwambia askofu, anaogopa kuhamishwa. Akimwambia mzee wa kanisa, anaogopa kikao. Kwa hiyo anahubiri ushindi Jumapili na Jumatatu anabaki peke yake na simu. Tunaposikia ameanguka, tunashangaa kana kwamba limetokea usiku mmoja, wakati Yakobo alikwisha kutuandikia kwamba tamaa huchukua mimba kwanza ndipo izae dhambi. Kipindi chote cha mimba hiyo hapakuwa na aliyemuuliza, kama Melania alivyouliza, kilichomo moyoni mwake.

Maaskofu na viongozi wa makanisa wanaweza kulitengeneza hili bila gharama. Kila mchungaji apewe mzee wa kumsikiliza asiye na mamlaka juu ya kituo chake wala mshahara wake, na maneno yao yasiingie katika faili lolote. Na wewe msomaji, kama kuna wazo ambalo umekuwa ukilikemea peke yako na linarudi, mtafute Mkristo mmoja uliyemwona akitunza siri za wengine, umwambie wiki hii, kabla halijawa tendo.